Hisabati inatuangusha kila mwaka, tuanzie wapi?

Swali: Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa taaluma katika shule ya msingi ya serikali huku Temeke, Dar es Salaam. Tuna wanafunzi zaidi ya 2,000 wanaosoma kwa awamu mbili. Darasa la tano lina mikondo mitatu, kila mkondo una watoto zaidi ya 110. Hisabati ndiyo inayotushusha kila mwaka. Mwalimu mkuu anataka tuanze mtihani wa kila Ijumaa pamoja na kambi ya jioni, na kuna mtu ametuletea semina ya siku mbili kwa malipo. Wenzangu wanasema watoto hawa hawana msingi na wazazi hawafuatilii. Wewe unayeingia shule za mijini kwa kazi ya kuwashauri walimu wa Hisabati, ungeanzia wapi? Na je, tuanze kuwafundisha Hisabati kwa Kiingereza mapema ili wasihangaike wakifika sekondari?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Nianze na lile linalowasubiri wiki hii: naomba msianze mtihani wa Ijumaa. Sina ugomvi na mitihani. Ila mtihani huo utawaambia mnachokijua tayari, kwamba watoto wanakosa, na walimu watatu watasahihisha karatasi zaidi ya 330 kila wiki ili wakiambiwe. Wakimaliza watajua nani kapata 12 na nani kapata 38. Hawatajua yule wa 12 alikuwa anawaza nini alipokuwa anaandika.

Na kazi yangu yote inasimama juu ya hilo la pili. Katika shule za mijini nilizofanya nazo kazi, Dar es Salaam na Mwanza, sijakuta darasa ambalo watoto wanakosa ovyo. Wanakosa kwa utaratibu. Kosa lina kanuni yake ndani ya kichwa cha mtoto, na mara nyingi kanuni hiyo ameitoa kwenye maneno yetu wenyewe ubaoni. Shule ikijua kanuni hizo inaweza kuzifanyia kazi. Isipozijua, itabaki kurudia mada ileile kwa sauti kubwa zaidi.

Kwa hiyo mngeniita, wiki ya kwanza nisingemfundisha mwalimu yeyote kitu. Ningechukua daftari la mahudhurio la darasa la tano, nikachagua watoto kumi kila mkondo kwa kuruka majina, kila jina la kumi na moja, ili nisiletewe wale wanaokaa mbele. Ningekaa nao mmoja mmoja kwenye baraza, dakika nane hivi kila mtoto, na karatasi yenye maswali matano. 47 jumlisha 38. 503 toa 268. 23 mara 14. Nusu jumlisha theluthi moja. Kipi kikubwa, 0.35 au 0.4? La sita halina karatasi, namwambia kwa mdomo tu: daftari moja ni shilingi 700, mama amekupa 5,000, umenunua matano, chenji ni ngapi?

Mtoto akimaliza kila swali, amepata au amekosa, namwambia maneno yaleyale: "Nionyeshe ulivyofanya." Sauti isibadilike. Ukimuuliza pale tu anapokosa, hawa watoto ni wajanja, kwenye swali la tatu atakuwa ameshajua kwamba ukiuliza maana yake amekosa, na ataanza kufuta badala ya kueleza. Hakuna kumsahihisha siku hiyo. Unaandika alichosema, neno kwa neno, basi. Mimi nimezoea kuwa na mwalimu wa mkondo pembeni yangu, naye nimemwomba asiseme kitu. Kwa mwalimu mzuri hilo ni gumu sana, maana mkono unamwasha amsaidie mtoto.

Tulitazame hilo la 503 toa 268 kwa karibu, kwa kuwa ndilo linaloniambia mengi. Jibu ni 235. Mtoto wa darasa la tano akikosa, mara nyingi anaandika 365. Ukimwambia akuonyeshe anashika penseli, anaanzia mkono wa kulia: "Tatu toa nane haiwezekani, basi nane toa tatu, tano. Sifuri toa sita haiwezekani, sita toa sifuri, sita. Tano toa mbili, tatu." Halafu anakusomea kwa kujiamini kabisa, mia tatu sitini na tano. Kwake hilo si swali moja, ni maswali madogo matatu yaliyopangwa bega kwa bega, na katika kila moja amefuata kile alichosikia darasa la pili: namba ndogo haiwezi kutoa kubwa. Amekitii. Hajawahi kuambiwa ajaribu 365 jumlisha 268 aone kama anarudi kwenye 503. Angejaribu angepata 633 na angeshtuka mwenyewe.

Mtoto wa pili anaandika 245. Huyu anajua kuvunja mia moja kuwa makumi kumi. Amekata tano ikawa nne, sifuri akaifanya kumi, tatu akaifanya kumi na tatu. Alichosahau ni kwamba ile kumi na tatu nayo imechukua kumi moja kutoka katikati, kwa hiyo katikati zimebaki tisa. Amebakiza hatua moja tu.

Kwenye mtihani wa Ijumaa wote wawili wanapata sifuri kwa swali hilo, na Jumatatu wote wawili wanafundishwa somo lilelile. Wa 245 angesaidiwa kwa dakika tano. Wa 365 anahitaji wiki mbili za kurudi kwenye thamani ya tarakimu. Makosa ya namna hii yamechunguzwa kwa miaka mingi. John Seely Brown na Richard Burton walichapisha uchambuzi wao mwaka 1978, wakaonyesha kwamba kosa la mtoto katika kutoa mara nyingi lina hatua zake zinazoweza kufuatwa moja baada ya nyingine, kiasi kwamba unaweza kutabiri atakachoandika kwenye swali linalofuata. Nawe utaweza. Ukishasikiliza watoto kumi, wa kumi na moja utalijua jibu lake kabla hajaweka penseli chini.

Sasa dawa ya wa 365. Kurudia mfano ubaoni mara kumi hakumfikishi popote, kwa sababu mfano anauona kama kanuni nyingine tu ya kukariri. Anahitaji kuona kwamba mia moja huvunjika na thamani yake haipotei. Vijiti vilivyofungwa kumi kumi vinafaa, lakini kwa watoto wa mjini mimi napenda fedha. Kateni karatasi za mitihani ya zamani, upande mtupu muandike elfu kumi, elfu moja, na mia moja. Mpe mtoto noti tano za elfu kumi na mia tatu, jumla 50,300. Mwambie anadaiwa dukani 26,800 na mwenye duka hana chenji. Atakaa kidogo, kisha atakwambia yeye mwenyewe: "Tuvunje elfu kumi." Zinakuja elfu moja moja kumi. Kumbe mia nane bado hazitoshi. "Tuvunje na elfu moja." Sasa ana elfu kumi nne, elfu moja tisa, na mia kumi na tatu. Analipa, anabaki na 23,500. Halafu, na hapa ndipo wengi wanapokosea, kila alichokifanya mezani kiandikwe papo hapo kwenye safu za tarakimu, noti inapovunjwa na tarakimu inakatwa. Nimeona masomo mengi ambapo zana ziko mezani zinachezewa na ubaoni kunaendelea mambo mengine kabisa. Mtoto wa hivyo anaondoka na vitu viwili visivyojuana.

Kuhusu lile swali la chenji, jiandaeni kushangaa. Watakuwepo watoto walioshindwa 503 toa 268 na watawajibu 1,500 kabla hamjamaliza kuuliza. Mtaani kwenu watoto wanauza barafu, karanga, maji ya kandoro, wanatumwa gengeni toka wana miaka sita. Mwaka 1985 Terezinha Carraher na wenzake walichapisha utafiti kutoka Recife, Brazil, juu ya watoto watano waliokuwa wakiuza bidhaa mtaani. Wakiulizwa kwenye biashara yao walijibu sahihi karibu asilimia 98. Hesabu zilezile zilipoandikwa kwenye karatasi kama za shule, bila nazi wala ndimu, walipata asilimia 37 hivi. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wenzako wanaosema watoto hawa hawana msingi. Msingi mmoja wanao, tena imara. Uliokosekana ni ule wa maandishi, na huo ni kazi yetu. Wala msiusubiri kutoka nyumbani. Mzazi anayeondoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala na kurudi usiku anafuatilia kwa namna anayoweza, nayo ni kuhakikisha mtoto amefika shuleni na daftari.

Nirudi kwenye mitihani ya mara kwa mara, kwa sababu najua mwalimu mkuu atakuuliza. Mwaka 1973 Stanley Erlwanger aliandika juu ya mtoto mmoja wa Marekani wa miaka 12, aliyemwita Benny. Benny alikuwa anasoma kwa mpango wa karatasi na majaribio mfululizo: ukipata asilimia 80 unasonga mbele. Alisonga vizuri, akahesabiwa miongoni mwa wanafunzi wazuri. Erlwanger alipokaa naye na kumsikiliza, akakuta Benny anaamini sehemu mbili ya kumi ukiigeuza kuwa desimali inakuwa 1.2, na tano ya kumi inakuwa 1.5. Alikuwa anajumlisha kiasi na asili kisha anaweka nukta. Majaribio yote yale hayakumwona. Mitihani ya Ijumaa, hasa ya kuchagua jibu, itawatengenezea akina Benny wengi wanaopandisha wastani wa shule na kuanguka mara tu swali likigeuzwa sura.

Kambi ya jioni nayo naiogopa kwa sababu nyingine. Kwa shule ya awamu mbili, ya jioni maana yake ni mtoto wa miaka kumi na moja kurudi nyumbani gizani. Na kambi za namna hiyo hazichelewi kuwa na mchango. Michango ya lazima imekatazwa tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, na ukiacha sheria, mchango huo unamwacha nje mtoto yuleyule mnayemtafuta. Muda mnao ndani ya ratiba. Kipindi cha Hisabati ni dakika 40, na nyingi kati ya hizo zinapotelea kwenye kunakili maswali kutoka ubaoni na kungoja daftari zisahihishwe.

Huu ndio mpango ambao ningewaandikia. Mikondo yote mitatu ya darasa la tano iwe awamu moja, na mara tatu kwa wiki vipindi vyao vya Hisabati viangukie saa ileile. Katika vipindi hivyo vitatu mikondo inavunjwa. Watoto wanakaa kwa kile wanachokiweza: waliokwama kwenye thamani ya tarakimu, kujumlisha na kutoa; waliokwama kwenye kuzidisha na kugawanya; na walio tayari kwa sehemu na desimali. Vipindi vingine vya wiki vinaendelea na silabasi kwa mkondo kama kawaida. Shirika la Pratham la India limefanya kazi kwa njia hii kwa miaka mingi. Hata jirani, magharibi mwa Kenya, kuanzia 2005 Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifuatilia shule 121 zilizoongezewa mwalimu ili darasa la kwanza ligawanywe mara mbili. Shule zilizogawa watoto kwa kiwango chao zilifanya vizuri zaidi ya zile zilizogawa bila mpangilio, na walionufaika walikuwa watoto wa juu na wa chini pia. Sababu yake mwalimu yeyote anaielewa: anapokuwa na watoto wanaokaribiana, anafundisha pale walipo badala ya kufundisha wale kumi wa mbele.

Lakini mpango huu una mahali pa kuharibikia, na nimeuona ukiharibika. Kundi la chini hupewa mwalimu mgeni au wa kujitolea, huwekwa chumba kibovu, na watoto wengine hulibandika jina la kudhalilisha ndani ya wiki moja. Fanyeni kinyume chake. Mwalimu wenu hodari kuliko wote aende kundi la chini. Makundi yaitwe kwa majina yasiyo na cheo. Shule moja walitumia majina ya samaki, ikatosha. Kila baada ya wiki sita watoto wasikilizwe tena na wahame. Mtoto aliyekaa kundi la chini mwaka mzima hakugawanywa, amefungiwa. Na kundi hilo likiwa kubwa kuliko yote, na kwenu litakuwa kubwa, ligawanywe tena mara mbili. Hapo ndipo wewe mwalimu wa taaluma na mwalimu mkuu mnaposhika chaki. Mara tatu kwa wiki, dakika 40. Nasisitiza hili kwa sababu shule ambayo mkuu wake anaingia darasani kwenye kundi la chini haihitaji mtu wa nje kuwaambia walimu kwamba jambo hili ni muhimu.

Ndani ya darasa la watoto 110, kitu cha kwanza cha kuondoa ni lile swali la "Tumeelewa?" na ule mwitikio wa "Ndiyooo!" Sisi sote tumekulia humo, naye mwalimu anaposikia sauti moja kubwa hivyo anapata faraja. Sauti hiyo inatoka kwa watoto ishirini. Wawekeni wawili wawili, kila jozi iwe na kibao kidogo. Hadibodi iliyokatwa na kupakwa rangi ya ubao inatosha, na vibao 55 vinatumiwa na mikondo yote kwa zamu. Swali linaulizwa, jozi zinajadiliana kwa kunong'ona, vibao vinainuliwa kwa pamoja. Kwa kutupa jicho mara moja mwalimu anaona 235 ni wangapi, 365 ni wangapi, 245 ni wangapi. Kisha anaandika majibu yote matatu ubaoni bila kusema lipi sahihi, na kumwita mmoja wa kila jibu aonyeshe njia. Darasa ndilo liamue. Mara ya kwanza itakuwa kelele. Wiki ya tatu watoto wanaanza kusema, "Mwalimu, jumlisha urudi tuone."

Hili haliwezekani darasani ambako kukosa kuna fimbo. Naliandika wazi kwa sababu bado naliona: mtoto anapigwa kwa sababu jibu lake ni 365. Kanuni za mwaka 2002 zinataka viboko visizidi vinne, kwa kosa zito la nidhamu, na kwa idhini ya mkuu wa shule. Kukosea kutoa si kosa la nidhamu la aina yoyote. Na hata kanuni zisingekuwepo, mtoto anayeogopa kuonyesha alichofanya anawanyima taarifa pekee mnayoihitaji ili kumsaidia. Anajifunza kunakili kwa jirani, na kunakili kunaficha kila kitu. Mwalimu mkuu akitaka kufanya jambo moja ambalo halina gharama hata shilingi, alitangaze hili kwenye kikao cha walimu, na alisimamie.

Kuhusu semina ya siku mbili, msiilipie. Walimu watakaa ukumbini, watapewa maneno mazuri juu ya ufundishaji shirikishi, watakunywa chai, na Jumatatu watarudi kwa watoto 110 wakiwa na kalamu na bahasha. Kinachobadilisha mwalimu ni kumwona mwenzake akifundisha watoto walewale, na kuzungumza baadaye. Kenya walianza mradi wa SMASSE na Wajapani mwaka 1998 kwa ajili ya Hisabati na Sayansi, na kupitia miradi ya namna hiyo utaratibu wa walimu kupanga somo moja pamoja, mmoja kulifundisha na wengine kutazama umefika katika nchi kadhaa za Afrika. Nyinyi hamhitaji mradi. MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, imeshawapa jumuiya za kujifunza shuleni, na siku ipo kwenye ratiba. Ichukueni siku hiyo. Walimu watatu wa darasa la tano waandae somo moja tu, tuseme kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Waandike mapema makosa watakayokutana nayo: wengi wataandika nusu jumlisha theluthi ni mbili ya tano. Watamjibu nini mtoto huyo? Mmoja afundishe. Wawili wanaotazama wasimtazame mwalimu, watazame watoto wanne kila mmoja, waandike walichosema na walichoandika. Baadaye wakae dakika 40 wazungumze juu ya watoto hao wanane tu. Usahihi wa andalio la somo, mavazi, mwandiko wa ubaoni, hayo yasiguswe siku hiyo. Mwalimu aliyezoea kukaguliwa atakuwa anajihami. Akiona kweli hakaguliwi, mara ya pili atafunguka.

Atakapofunguka ndipo mtakaposikia jambo ambalo halisemwi kwenye semina: kuna mada walimu wenyewe haziwakai sawa. Nikiwauliza walimu kwa nini tatu gawanya kwa nusu ni sita, wengi wananijibu "unageuza, unazidisha." Ni kweli unageuza. Lakini kwa nini? Basi tunaweka chapati tatu mezani, kila mtu anapewa nusu, zinalisha wangapi? Naona nyuso zinabadilika, na ni walimu wa miaka kumi na tano kazini. Hii si aibu yao. Walifundishwa hivyohivyo kama watoto, kisha chuoni wakafundishwa mbinu za kufundisha kitu ambacho hakuna aliyerudi kuwafafanulia. Mwalimu wa taaluma anayejua kulianzisha hili kwa upole, akianza na mada inayomsumbua yeye mwenyewe, anafanya kazi kubwa kuliko ya mshauri yeyote.

Fedha mtakazookoa msidhani zingefanya maajabu peke yake. Mwaka 2013 na 2014 mpango wa KiuFunza wa shirika la Twaweza ulijaribiwa katika shule 350 za wilaya 10 hapa nchini. Kundi moja la shule lilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, lingine walimu wake walipewa motisha kwa kila mtoto aliyefaulu kusoma na kuhesabu, lingine vyote viwili. Ruzuku peke yake haikupandisha alama za watoto. Vyote viwili pamoja vilizipandisha waziwazi. Mimi nalisoma hivi: vitabu na chaki vinahitajika, lakini hufanya kazi pale ambapo kuna mtu anayetazama kama mtoto fulani ameweza au hajaweza. Kama bado mnataka mshauri wa nje, mwombeni jambo moja kabla ya bei: afundishe kipindi kimoja mbele ya watoto wenu wote 110, walimu wakitazama. Akikataa, mshukuruni kwa kufika.

Kiingereza mapema, hapana. Najua mnakotokea. Kwa miaka kadhaa hadi 2022 ufaulu wa Hisabati kidato cha nne ulikuwa ukizunguka asilimia 20, na mnataka kuwaokoa wenu. Lakini mtoto aliyekwama kwenye thamani ya tarakimu kwa Kiswahili hatazinduka kwa kuongezewa lugha asiyoimudu, atakariri sauti. Mabishano yale ya ubaoni kati ya 365 na 235 yanataka mtoto awe na maneno ya kutetea alichofanya, nayo anayo kwa Kiswahili. Jengeni dhana kwa Kiswahili hadi mwisho. Mitihani ikishapita, wapeni darasa la saba misamiati ya Kiingereza ya mambo wanayoyajua tayari, wakariri watakavyo; wakati huo wana cha kukishikiza.

Limebaki darasa la saba la mwaka huu, ambalo hukuliuliza ila najua ndilo linalokunyima usingizi. Mtihani wao ni Septemba, muda wa kujenga upya kila kitu haupo. Wasikilizeni kumi tu. Halafu chagueni matendo manne ya namba nzima na sehemu, kwa sababu asilimia, eneo, wastani, hata magazijuto (mpangilio wa mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa), vyote vinapita hapo. Karatasi za miaka iliyopita zitumieni, lakini swali moja kwa kipindi na si karatasi nzima. Katika maswali ya kuchagua, wakishapata jibu sahihi waulizeni: aliyechagua B alifanyaje? Na wa D? Yale majibu mengine hayakuwekwa kwa kubahatisha, kila moja ni kosa la mtoto fulani, na watoto wanaofurahia kulifukua huwa hawalirudii.

Ukimaliza wale thelathini wa darasa la tano, niandikie. Nitumie majibu yao kama walivyoyaandika, yaliyokosewa na yaliyo sahihi, pamoja na maneno yao. Yaliyo sahihi usiyaache, humo nako huwa kuna Benny. Kutokana na karatasi hizo nitaweza kukuambia kundi lipi lianze na nini, na mwalimu yupi akae wapi.